Maswali ya wazazi kuhusu somo la mahusiano, afya na ustawi wa mtoto

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wazazi na walezi.

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya msingi ya Kanisa Katoliki hapa Dodoma mjini. Kila Januari shule ikifunguliwa, maswali ni yale yale. Machache huulizwa kwenye kikao cha wazazi, mbele za watu. Mengi huulizwa getini, mtoto akishaingia ndani, mama ameniinamia sikioni na bodaboda inamsubiri. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu tunayoyatoa mimi na wenzangu, ili hata yule anayeona haya kuuliza apate jibu.

Mahusiano? Yaani mnamfundisha mtoto wa darasa la pili mapenzi?

Hapana, mzazi. Neno lenyewe ndilo linalowashtua watu. Siku hizi mtu akisema "nipo kwenye mahusiano", kila anayemsikia anaelewa ana mpenzi. Darasani tunalitumia kwa upana wake: namna mtoto anavyoishi na Mungu, na nafsi yake, na baba na mama, na mwenzake wa dawati moja, na dada wa kazi, na dereva wa bajaji anayemleta shule. Mtoto wa darasa la pili anajifunza kuomba msamaha bila kusukumwa, kurudisha penseli ya mwenzake, kuitambua hasira kabla haijafika mkononi, na kumwambia mtu mzima "sitaki" pale mkono wa mtu huyo unapofika pasipostahili. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana tumewalea watoto wetu kumtii kila mkubwa.

Kwani katekisimu haitoshi?

Katekisimu ndiyo mzizi. Lakini Kanisa halijawahi kusema mtoto afundishwe sala peke yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaka watoto na vijana wapewe, kadiri umri wao unavyosonga, elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Wosia wa Kitume wa 1981 juu ya familia, akasisitiza jambo ambalo tunalishika sana: elimu hiyo ni haki na wajibu wa wazazi kwanza, na shule inaingia kama msaidizi wao, wazazi wenyewe wakiangalia. Papa Fransisko naye alirudi kwenye jambo hilo mwaka 2016. Kwa hiyo mzazi anayekuja kuniuliza ninafundisha nini haingilii kazi yangu. Anafanya kazi yake, nami nina deni la kumjibu.

Haya si mambo yaliyoletwa kutoka nje?

Bibi zetu hawakumsubiri mtu wa nje. Kwa Wagogo, Warangi na Wanyaturu, watu wa huku kati, kulikuwa na wakati wa kumweka kijana kando na kumwambia maisha. Shangazi alikuwa na kazi yake, bibi kazi yake, mjomba kazi yake. Katika mafunzo yale mlikuwa na mazuri, kama heshima na uvumilivu, na mlikuwa na mabaya ambayo nitayataja mbele.

Shida ya leo ni kwamba walimu wale hawapo karibu. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, madarasa yetu yamepokea watoto ambao bibi yao yuko Kagera, shangazi yuko Mbeya, na mama anarudi kutoka kwenye ofisi za serikali kule Mtumba giza limeshaingia. Mtoto wa namna hiyo akiwa na swali, anayemjibu ni simu ya kaka yake. Nimeshaona majibu ambayo simu ile inatoa. Afadhali nimjibu mimi, na afadhali zaidi umjibu wewe.

Kwa nini mnawatajia viungo vya mwili kwa majina yake? Si aibu?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, nami hulijibu kwa kirefu kuliko yote.

Nyumbani mtoto amefundishwa kusema kidudu, au "huku chini", au hakufundishwa neno lolote. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaanza kazi hii ya unasihi, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la kwanza ambaye kila wiki alisema tumbo linamuuma. Tulimpa dawa ya minyoo. Tukamwambia anywe maji mengi. Mama yake akampunguzia maharage. Ilichukua karibu muhula mzima kugundua kwamba mtoto yule alikuwa na neno moja tu, "tumbo", kwa kila kitu kilichoko chini ya kifua chake, na kwamba kuna mtu mzima wa karibu aliyekuwa akimuumiza. Alikuwa ametuambia. Alituambia kila wiki. Sisi ndio hatukusikia, kwa sababu hatukumpa neno la kutuambia.

Siku ile niliamua kwamba darasani kwangu majina yatatajwa. Kiswahili kina maneno ya heshima kabisa: uke, uume, matiti, makalio. Ndiyo yaliyomo kwenye vitabu vya sayansi, ndiyo daktari anayoyatumia, na polisi akiandika maelezo ndiyo anayoyahitaji. Tunayataja kwa utulivu, kama tunavyotaja goti na kiwiko. Siku ya kwanza watoto hucheka. Siku ya tatu hakuna anayecheka. Kisha tunasema nani anaweza kugusa sehemu hizo na kwa sababu gani: mama anapomwogesha mtoto mdogo, daktari anapomtibu huku mzazi akiwapo. Mwingine yeyote, hata awe mjomba, mwalimu, katekista au padre, hana ruhusa.

Nawakumbusha watoto pia kile ambacho kitabu cha Mwanzo kinasema: Mungu aliutazama uumbaji wake wote akaona ni mwema sana. Wote, hakubagua kiungo. Mtoto anayejua hivyo haufichi mwili wake kama kitu kichafu, anautunza kama kitu cha thamani. Adabu ya kweli huanzia hapo.

Kila darasa linafundishwa nini hasa?

Awali hadi la pili: majina ya mwili, kunawa, kutambua furaha na huzuni na woga, mguso mwema na mguso mbaya, kumwambia mtu mzima. La tatu na la nne: urafiki, uonevu na kuitana majina, tofauti ya siri nzuri (zawadi ya mama) na siri mbaya (ile inayokufanya uogope), usafi wa mwili unaobadilika. Madarasa ya juu: kubalehe, hedhi, picha za kwenye simu, usafi wa moyo, na wito, yaani ndoa, upadre, utawa, na maisha ya mlei anayemtumikia Mungu kwa kazi yake. Vipindi vingine wavulana na wasichana hukaa pamoja, vingine tunawatenga ili waulize kwa uhuru. Lipo pia sanduku la maswali, boksi la viatu lenye tundu juu. Mtoto anaandika bila jina. Swali nililolipenda kuliko yote mwaka jana lilikuwa: "Mungu ananiona nikiwa naoga?"

Binti yangu ana miaka kumi tu. Kwa nini mmemwambia habari za hedhi?

Kwa sababu hedhi haisubiri cheti cha darasa la saba. Wapo wasichana wanaovunja ungo wakiwa na miaka tisa au kumi. Nimewahi kumtoa chooni binti wa darasa la tano aliyekuwa amejifungia tangu mapumziko ya saa nne hadi kengele ya kwenda nyumbani, akisali atubu kabla hajafa. Alidhani anakufa. Alikuwa na dada wawili wakubwa nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwambia neno.

Shuleni tuna kabati dogo lenye taulo za kike na sketi za akiba. Kila binti wa madarasa ya juu anajua ufunguo uko kwa nani. Najua taulo ni gharama kwa familia nyingi. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike mwaka wa fedha 2018/19, kisha mwaka uliofuata ikarudishwa. Kwa hiyo tunawafundisha pia kutumia vitambaa vya pamba kwa usalama, na hapa naomba akina mama mnisikilize: tatizo mara nyingi si kitambaa, ni mahali kinapokaushwa. Binti anakificha chini ya godoro kwa aibu, kinakauka nusu, kinamletea muwasho. Jua la Dodoma tulilonalo ni dawa tosha. Mtengee kamba ya kuanikia, hata kama ni nyuma ya nyumba, aanike kitambaa chake juani kama soksi.

Wavulana nao wanasikia somo hili. Tangu walielewe, sketi ya mwenzao ikichafuka hakuna anayepiga kelele. Mwaka juzi mvulana mmoja alivua sweta lake akampa msichana ajifunge kiunoni, akaendelea na hesabu zake.

Na wavulana, mnawaambia nini kuhusu wao wenyewe?

Kwamba sauti itakatika na kurudi. Kwamba ndoto za usiku zinazolowesha shuka ni kazi ya mwili unaokua, si dhambi, wala hazihitaji dawa ya mganga. Kwamba tohara ifanywe hospitali au kituo cha afya, na mtu aliyesomea. Na kwamba mwanamume hulia. Sandukuni iliwahi kutokea karatasi yenye maneno manne: "Kwa nini baba halii?" Niliisoma darasani, na wavulana wote wakanyamaza wakinitazama. Niliwajibu kwamba Yesu alimlilia rafiki yake Lazaro, watu wakiona. Laiti akina baba wengi zaidi wangefika kwenye vikao vyetu, kwa sababu swali lile liliwahusu wao.

Bibi yake anasema mtoto ana lawalawa na dawa yake inajulikana. Nifanye nini?

Mzazi, mpeleke mtoto zahanati leo. Usingoje.

Kwa asiyejua, lawalawa ni jina ambalo watu wa Dodoma na Singida huliita muwasho na maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo. Kwa miongo kadhaa imeaminika kwamba mtoto wa kike mwenye lawalawa hupona kwa kukeketwa. Hiyo si kweli. Maambukizi hayo husababishwa na bakteria au fangasi, yanapimwa, yanatibiwa kwa dawa, na mara nyingi yanazuilika kwa maji safi na nguo ya ndani iliyokauka. Penye shida ya maji, muwasho huwa mwingi, na hapo ndipo imani hii ilipopata nguvu. Kisu hakitibu maambukizi. Kinaongeza kidonda, damu kutoka nyingi, na baadaye taabu wakati wa kujifungua.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kifungo chake ni kati ya miaka mitano na 15. Baada ya sheria ile, baadhi ya familia zilianza kuwakeketa watoto wachanga ili jambo lisionekane. Katika utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16, karibu nusu ya wanawake waliohojiwa Dodoma walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa mmoja kati ya kumi. Ninaandika haya bila kumdharau bibi yeyote. Bibi anampenda mjukuu wake, na dawa aliyofundishwa ni hiyo. Njoo naye shuleni. Nimeshakaa na mabibi kadhaa chini ya mwembe wetu, tukasalimiana mbukwenyi, tukaongea taratibu hadi chai ikaisha, na wengine waliondoka wakiwa upande wa mtoto.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi itamfanya binti yangu asizae?

Haimzuii kuzaa. Inamkinga dhidi ya kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hakuna fundisho la Kanisa linaloikataza. Wengine huuliza kama chanjo hii ni ruhusa ya kuanza uasherati. Hapana, tunamchanja binti sasa kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia, na siku moja atakuwa mke wa mtu.

Mtoto akikuambia siri, utaitunza?

Siri ya kawaida, ndiyo. Kwamba hampendi mwalimu wa hesabu, kwamba baba na mama wamenuniana, hayo hayatoki kinywani mwangu. Lakini watoto wote wanajua tangu siku ya kwanza kwamba siri ya kuumizwa siwezi kuitunza. Ninawaambia hivyo kabla hawajaniambia lolote, kwa sababu kumwahidi mtoto usiri kisha kuuvunja ni kumuumiza mara ya pili. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamtaka kila mtu anayejua mtoto anateswa atoe taarifa.

Mzazi mmoja aliniuliza vipi kuhusu kitubio. Hapo ni tofauti. Padre anayesikia maungamo hawezi kufunua kitu, kwa sababu yoyote ile. Ndiyo maana padre mwenye busara, akisikia mtoto anaungama ubaya aliotendewa na mtu mwingine, humwambia: hii si dhambi yako, na nakuomba umwambie mama au mwalimu tukitoka hapa. Nasi tunawafundisha watoto jambo hilohilo mapema, wakati wa maandalizi ya Komunyo ya Kwanza.

Mtoto wangu ameniambia kuna mtu amemfanyia ubaya. Nianzie wapi?

Anza kwa kumwamini. Mwambie hivi: "Umefanya vizuri kuniambia. Hujakosa." Usimhoji kama polisi, usimpeleke akakabiliane na mtu huyo, usimpige kwa kuchelewa kusema.

Usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa. Nenda naye hospitali au kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upate fomu namba tatu ya polisi, ile ya PF3. Wahi kadiri unavyoweza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na saa za kwanza ni bora kuliko za mwisho. Ukikwama, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikatwi hela. Afisa ustawi wa jamii wa kata yako pia ni mtu wa kumtafuta.

Sasa nasema la moyoni. Watakuja wazee. Watasema ni ndugu, yaishe nyumbani, wataleta mbuzi au watataja ng'ombe. Mtoto atakuwa amekaa kwenye kigoda akisikiliza bei yake ikipangwa. Tafadhali usikubali. Na kama anayetuhumiwa ni mtu wa Kanisa au wa shule, sisi pia, usikubali vilevile. Ninamaanisha hata kama ni mimi.

Mnafundisha usafi wa moyo? Kwa maneno gani?

Tunafundisha, bila kuona haya. Tunawaambia watoto kwamba mwili wao ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Wakorintho, kwamba tendo la ndoa Mungu alilipa mahali pake ndani ya ndoa, na kwamba kungoja ni nguvu.

Ila nina angalizo kwa wenzangu makatekista. Tunapowasimulia watoto habari za Mtakatifu Maria Goretti, msichana wa Italia aliyeuawa mwaka 1902 akiwa na miaka 11 kwa kumkataa kijana aliyetaka kumbaka, mtoto aliyekwisha kubakwa anakaa palepale kwenye mkeka akisikiliza. Akisikia kwamba heri kufa, ataelewa kwamba yeye hafai tena. Hilo silo fundisho. Aliyezidiwa nguvu hana dhambi na hakupoteza usafi wake mbele za Mungu. Kwa hiyo siku hiyohiyo namsimulia na Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudani, aliyetekwa akiwa mdogo, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwili kwa kisu na mabwana zake, na ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Mwili wake ulijaa makovu ambayo wengine walimtia. Tunasali mbele ya picha yake.

Mnafundisha kondomu na uzazi wa mpango?

Hapana. Hii ni shule ya msingi na ni shule ya Katoliki. Mtoto wa darasa la saba akiuliza neno alilolisikia redioni, hatumkemei. Tunamweleza kwa kifupi ni nini, tunamwambia Kanisa linafundisha nini, kisha tunampigia mzazi ili mazungumzo yaendelee nyumbani.

Posa imeletwa kwa binti aliyeko darasani. Shule inasemaje?

Shule inasema hapana, na sheria pia. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari au kumpa mimba. Ikitokea binti amepata mimba, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi shule baada ya kujifungua. Tutampokea kama alivyokuwa.

Sisi ni Waislamu. Mtoto wetu atalazimishwa?

Halazimishwi sala zetu. Tuna watoto Waislamu, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste. Kwenye somo hili nimeona tofauti zetu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: stara, heshima kwa wazazi, kungoja ndoa, kumlinda mdogo. Pale ambapo tunasema jambo kama fundisho la Kanisa Katoliki, tunalitaja hivyo waziwazi ili mtoto alichukue nyumbani na kumuuliza baba yake. Baba mmoja kutoka Kondoa huja kila muhula kusoma daftari la mtoto, ukurasa kwa ukurasa. Ningependa kila baba afanye hivyo.

Kwa nini somo la ustawi linaanza na kunawa uso?

Ukiishi hapa unajua vumbi la Agosti na nzi wake. Vikope, ugonjwa wa macho unaoenezwa na nzi, mikono na vitambaa vya kufutia uso, umewapofusha wengi huku kati. Kongwa imekuwa eneo la utafiti wa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hujikunja ndani na kukwaruza jicho, na upofu huja ukubwani. Kinga ya kwanza ni uso safi, na hauhitaji ndoo: kikombe kimoja kwenye kibuyu chirizi kinatosha watoto kadhaa. Kila mtoto na kitambaa chake. Mtoto wa miaka mitano akishazoea kuutunza uso wake mwenyewe, kumwambia autunze mwili wake wote kunakuwa rahisi.

Mtoto wangu amekuwa mkimya, hali, hachezi. Ni jini?

Salini, na msiishie kwenye sala. Ukimya wa wiki mbili au zaidi, kukojoa kitandani kulikokuwa kumekwisha, kuogopa nyumba fulani au mtu fulani, kuporomoka ghafla darasani: njoo tuzungumze. Wakati mwingine ni msiba ambao hakuna aliyemweleza. Wakati mwingine ni woga wa mtihani wa darasa la saba. Wakati mwingine ni lile jambo la kuumizwa nililolitaja hapo juu.

Watoto wa Dodoma wana tusi lao: "Wewe wa Mirembe." Kwa kuwa hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ipo mjini kwetu, jina lake limegeuzwa kicheko uwanjani. Nimelipiga marufuku darasani, lakini watoto wanalitoa nyumbani. Mzazi akilisema kwa mzaha mezani, mtoto mwenye huzuni anajifunza kwamba akisema atachekwa. Mirembe ni mahali pa tiba, kama ilivyo hospitali nyingine yoyote.

Naweza kumtoa mtoto kwenye kipindi?

Mambo ya ukuaji na uzazi yaliyomo kwenye mtaala wa taifa wa sayansi, hapana. Kila mtoto anayasoma. Vipindi vyetu vya ziada, ndiyo, kwa barua. Ila kabla ya barua, njoo usome andalio langu la somo. Wengi waliokuja na barua waliondoka nayo mfukoni.

Kuna malipo?

Hakuna.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa haya. Nianzeje nyumbani?

Usimwite sebuleni na kumwambia "kaa hapa tuongee." Atadhani kuna kesi. Anza mikono ikiwa na kazi: mkichambua mlenda, mkipeta mchele, mkitembea kwenda misa ya kwanza asubuhi kabla jua halijawa kali. Wote mnatazama mbele, hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Uliza swali moja dogo, kama vile "leo mwalimu kawafundisha nini?", kisha nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unaweza. Akisema neno linalokushtua, endelea kuchambua mlenda. Akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, na kwamba utamjibu kesho. Na kesho yake uanze wewe kumkumbusha.